Munywani wa Kanoni

Nyakasimbi, Karagwe. Mwaka 1998.

Jumatatu, 1 Juni
Mvua imekatika, Mungu ashukuriwe. Mwaka huu ilitutia adabu, maharage yameoza yangali shambani na barabara ya Nyaishozi imebaki mashimo. Leo tumeanza kuchuma kahawa. Mgongo unaniuma, kucha zimekuwa nyeusi, na bado nimekaa kuandika. Nilipokuwa mwalimu nilizoea kuandaa andalio la somo kila jioni, na tangu nistaafu jioni ikifika mkono unawasha. Mume wangu anasema naandika umbeya. Na aseme.

2 Juni
Kahawa.

Alhamisi, 4 Juni
Anastazi amekuja kutusaidia kuchuma. Hakupiga hodi. Sijamsikia hata siku moja akipiga hodi katika nyumba hii. Aliingia moja kwa moja jikoni, akafunua sufuria, akachota ndizi kwa mkono, akaonja, akanitazama kwa huzuni kubwa.

"Evangelina, chumvi ya nyumba hii imeolewa wapi?"

"Imeolewa kwenu. Kamuulize mkeo Stephania kama imefika."

Akacheka mpaka akakohoa. Hicho kikohozi chake sikipendi, ni cha tangu masika. Halafu wakashika mikono yeye na mume wangu, wakaenda shambani wakipiga soga, na hawakuchuma kitu cha maana mpaka adhuhuri. Wazee wawili bure kabisa.

Wajukuu wangu wa Mwanza wakija kusoma haya hawatajua Anastazi ni nani kwetu, kwa hiyo niandike. Mume wangu Karekezi aliingia nchi hii mwaka wa sitini na moja, akitokea Rwanda, kijana asiye na kitu, yeye na mama yake na mkeka mmoja. Baba yake Anastazi, Mnyambo wa hapahapa, akawakatia kipande cha kibanja chenye migomba na kahawa, ndicho hiki tunachokaa. Wale vijana wawili wakapendana, wakaamua kunywana. Kwa Kinyambo na kwa Kinyarwanda neno ni hilohilo. Kila mmoja alichanjwa karibu na kitovu, mwenzake akachovya buni ya kahawa kwenye ile damu, akaila. Ukishanywana na mtu ni munywani wako mpaka kufa. Humnyimi kitu wala humfichi kitu, na watoto wake ni wako.

Kwa ajili ya mume wangu Anastazi alibatizwa Anglikana, na ukoo wake wote ni Walutheri. Mume wangu naye, hubiri lililompa jina, mpaka wakamfanya Kanoni, cheo cha heshima cha mchungaji, ni lile la kunywana: kwamba Yesu alichanjwa, akatupa damu yake, na sasa yeye ni munywani wetu. Nimeona likiwaliza watu hapa, Nyaishozi, mpaka kule Kibingo. Mimi mwenyewe lilinipata kabla hajanioa.

Jumapili, 7 Juni
Baba Askofu ametangaza kwamba litasomwa tamko katika makanisa yote kabla ya mkutano mkubwa wa maaskofu wa dunia huko Uingereza mwezi ujao. Kuna makanisa ya ng'ambo yanayotaka kubariki wanaume wawili waishi kama mke na mume. Aliyepewa kazi ya kuandika tamko ni mume wangu, maana katika jimbo letu ndiye anayejulikana kwa msimamo. Vijana wa kwaya wanamwita Nyundo.

Niseme wazi, mimi nami naamini kama anavyoamini. Sikulelewa vingine na sitajifanya. Nilijivunia kusikia jina lake likitajwa.

9 Juni
Kahawa. Jua kali. Nimeanika mikeka saba na kuku wamenitesa.

Ijumaa, 12 Juni
Tamko la Kiswahili limekamilika: "Agano lolote la mapenzi kati ya mwanamume na mwanamume ni machukizo mbele za Mungu, na Kanisa halitalitambua wala kulibariki." Kwa bibi na babu zetu wasiosikia Kiswahili vizuri, lazima lisomwe na kwa Kinyambo. Hapo ndipo Nyundo alipokwama. Alizunguka chumba kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Mama Jovitha, agano kwa Kinyambo utasemaje?"

"Agano gani?"

"La hao."

"Hao akina nani?"

"Usinifanye niseme, bwana! Unajua."

Najua, ndiyo. Lakini neno la kusema kanisani, mbele ya mama mkwe wa mtu na watoto wa kipaimara, silijui, na sidhani kama lipo. Yaliyopo ni ya walevi. Nikamwambia aeleze kwa maneno mengi. Akasema tamko ni tamko, halielezwi kama hadithi. Nikarudi kwenye kahawa yangu.

Jumapili, 21 Juni
Limesomwa. Kwa Kiswahili lilikwenda vizuri. Kwa Kinyambo, mume wangu alipofika pale pagumu aliinamisha macho kwenye karatasi akasoma haraka haraka: kwamba wanaume wanaonywana ni machukizo, na Kanisa haliwatambui.

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikageuka upande wa wazee. Anastazi alikuwa benchi la pili, mahali pake, amekaa wima akimtazama mume wangu. Hakukasirika. Alikuwa na uso wa mwanafunzi aliyepigwa na mwalimu anayempenda na bado anatafuta amekosa nini.

Njiani nilimwambia mume wangu, "Umesema kunywana."

"Nilikosa neno jingine. Watu wana akili, wataelewa ninamaanisha nini."

"Hapa kwetu wanaume wakifanya agano wanafanya moja tu. Wataelewaje lingine?"

"Mama Jovitha, nimechoka."

Anastazi hakupita kula. Kila Jumapili hupita.

24 Juni
Hajaonekana. Kahawa ya kwetu karibu nusu iko chini. Projest, mtoto wake wa kwanza, amepita na baiskeli, nikamuuliza baba hajambo. Akasema hajambo, anafikiri.

Jumapili, 28 Juni
Siku hii nitaiandika yote, hata mkono ukiuma.

Tulikuwa na mgeni, mchungaji wa kizungu kutoka ng'ambo, anayewasaidia maaskofu wenye msimamo wetu kujiandaa kwa mkutano. Mtu mpole, mrefu, anapenda parachichi kupita kiasi. Ana kamera. Sina ubaya naye.

Baada ya mahubiri ulifika wakati wa ushuhuda. Sisi walokole tuna desturi ya kusimama na kuungama mbele ya watu, kuweka mambo nuruni. Mara mzee mmoja akasimama. Akasema aliwahi kunywana na mwanamume, naye ameshafariki, na anaomba Mungu amsamehe yeye na marehemu. Akasimama wa pili, halafu wengine, wazee wazima wenye mvi, wengine wakilia. Wengine walionekana hata hawajui wanalia nini, ila Kanisa limesema.

Wa mwisho alikuwa Anastazi. Alivua kofia.

"Mimi nilinywana na mwanamume. Nilikuwa kijana, nikadhani ni jambo jema, na miaka yote nimeliona jema. Kanisa limenifundisha. Ninaliacha. Ninaomba msamaha. Na yule mwenzangu ninamwachilia, asije akazuiwa kwa ajili yangu."

Hakumtaja. Hakumtazama. Kanisa zima lilijua.

Mgeni akamvuta mume wangu mkono, akasema naye kwa Kiingereza, nami nikasikia maana Kiingereza changu cha ualimu bado kipo. Akauliza wazee wanasema nini. Mume wangu akajibu: wanasema ujanani walifanya agano na wanaume, na sasa wanatubu. Kila neno lilikuwa la kweli. Mgeni akaanza kutokwa machozi. Akashuka akamkumbatia Anastazi, akawapanga wazee mbele ya madhabahu, akawapiga picha.

Mezani kwangu, akila parachichi la tatu, alisema watu huko kwao hudai Afrika haina jambo hili, kumbe lipo, na Mungu analiponya hata kwa wazee, na ushuhuda huu lazima ufike Uingereza. Akasema Kanoni mwenyewe ndiye aupeleke. Baba Askofu anahitaji msaidizi wa safari, na nauli wao watalipa.

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anamenya chungwa. Alilimenya polepole, ganda moja refu lisikatike, na hakuinua uso. Mgeni alipoenda kupumzika nikafunga mlango wa sebule.

"Baba Jovitha. Umemwacha mzungu aamini kwamba Anastazi ni..."

"Sikusema hivyo."

"Hukusema. Umemwacha aamini."

"Nitasahihisha."

"Lini? Amepiga picha!"

"Nikirudi. Nikianza sasa, nitaanzia wapi? Nisimame niseme machukizo siyo kunywana, ni jambo lile? Nilitaje mbele ya bibi zetu? Mbele ya wakwe?"

"Si unakwenda kulitaja mbele ya maaskofu wa dunia nzima?"

"Kule nitasema kwa Kiingereza," akasema. "Kiingereza hakina wakwe."

Nikacheka, Mungu anisamehe, kwa sababu kilikuwa kichekesho. Halafu nikaona kwamba yeye hacheki. Alikuwa na hofu. Mume wangu, ambaye haogopi mtu, alikuwa anaogopa kwenda nyumba ya tatu kutoka hapa kumwambia rafiki yake neno moja.

Jumatano, 1 Julai
Nimemwambia tena. Akavaa viatu akaenda kanisani.

3 Julai
Kahawa. Sina la kuandika.

Jumapili, 5 Julai
Anastazi alikuja kanisani akakaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Ibada ilipokwisha alikuwa ameshaondoka. Watu wanampisha mume wangu njia na kumpa pole ya safari na hongera ya safari kwa pamoja. Wazee waliotubu wanasalimiana wao kwa wao kwa mbali, bila kupeana mikono. Wamezoea maisha yao yote kutembea wameshikana, sasa hawajui mikono waiweke wapi. Nilimwona mmoja ameiweka nyuma kama askari.

8 Julai
Nilimpelekea Stephania unga. Akaniambia tangu ile Jumapili mume wake amekataa kahawa ya kutafuna. Mgeni akija na kufunguliwa kikapu cha kahawa, yeye anapokea buni, anaishika mkononi, kisha anairudisha. Stephania anadhani ni ugonjwa wa tumbo. Nilimwacha adhani hivyo. Ni aibu kubwa kuandika hili, lakini nilimwacha.

Jumatatu, 13 Julai
Ameondoka. Gari la jimbo lilimfuata asubuhi, kwaya ikaimba, akina mama wakatandika vitenge njiani akapita juu yake. Alivaa suti ya bluu. Kabla ya kupanda gari alitazama upande wa kwa Anastazi, nami nilimwona akitazama. Nyumba ya tatu, mlango ulikuwa wazi, moshi unatoka. Dereva akapiga honi. Akapanda.

Namwita mume wangu, lakini nikiandika, kalamu inataka kuandika Kanoni.

17 Julai
Kanoni hajaandika. Vumbi tu.

20 Julai
Tumemaliza kibanja cha juu. Anastazi yuko kitandani. Projest alitaka kumpeleka zahanati Nyaishozi, mzee akakataa, akasema kikohozi ni chake.

Jumamosi, 25 Julai
Nimekwenda kumwambia mwenyewe. Nilifikiri wiki nzima nitasemaje. Nikasema moyoni, mimi ni mwanamke, na ni shemeji yake, na hakuna adabu itakayonivusha hapa, basi niingie na matope yote.

Nilimkuta amekaa nje juani, blanketi begani. Stephania alikuwa kisimani. Nikapiga magoti nikamsalimu, nikakaa kwenye majani.

"Shemeji, lile tamko halikuwa la kunywana."

"Nilisikia kwa masikio yangu, Evangelina. Na alisoma mwenyewe."

"Alikosa neno. Huko ng'ambo kuna wanaume wanaolala pamoja, kama mume na mke, wanataka Kanisa liwafungishe ndoa. Ndicho kinachokataliwa. Siyo ninyi. Ninyi hamkukosa kitu chochote."

Nilisema huku natazama kuku. Nilipomaliza nikamtazama. Midomo ilikuwa inacheza. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, nikamshikilia mabega, naye anakohoa na kucheka, machozi yanamtoka.

"Hilo tu! Jamani! Mimi nimelala macho mwezi mzima nikimwuliza Mungu kahawa ilimkosea nini!"

Nami nikacheka. Nilikuwa na furaha, sijui niielezeje, nilijiona nimebebeshwa gunia na sasa limeshushwa. Nikamwambia wote wale wazee tutawaambia, nitakwenda nyumba kwa nyumba. Akasema ndiyo, ndiyo. Akajipangusa macho kwa blanketi. Kisha nikaona anafikiri. Anastazi hajasoma zaidi ya darasa la nne lakini akianza kufikiri hasimami njiani.

"Munywani wangu alijua kwamba nimeelewa vibaya?"

Nikarudi kutazama kuku.

"Siku ile nilipotubu, alikuwa amesimama pale. Alijua natubu kitu kisicho dhambi?"

"Alijua, shemeji."

"Na yule mzungu. Yeye hajui kunywana. Alipolia na kunikumbatia, alidhani mimi nimetubu nini?"

Niliwahi kufundisha miaka mingi na watoto wameniuliza maswali mengi. Si kama hilo. Nilivuta majani nikayakata vipande vipande.

"Aha," akasema.

Kuku wakapita. Akasema tena, polepole, si kwangu, "Na picha ameichukua."

"Shemeji, atasahihisha akirudi. Ameniahidi."

"Mpaka jana nilikuwa nimempoteza kwa sababu Mungu amekataza," Anastazi akasema. "Nilikuwa naweza kubeba. Mungu akikataza unafanyaje? Leo umenipa habari nyingine." Akanishika mkono, akaubonyeza kidogo, kama unavyomfariji mtoto wa mtu. "Umefanya vizuri kuniambia. Wewe ndiye umekuja. Nenda, jua linazama, kahawa yako itapata umande."

Nimerudi nimeanua kahawa huku nalia. Nilikwenda kumpa dawa na nimempa kitu kibaya kuliko ugonjwa. Na Kanoni ndiye aliyekuwa na haki ya kukipeleka, kwa mdomo wake, mapema, kikiwa bado ni kichekesho.

27 Julai
Nimezunguka kwa wale wazee. Wawili walicheka. Mmoja alinifukuza, akasema mke wa mchungaji hapaswi kutamka vitu hivyo. Waliobaki waliniuliza Kanoni mwenyewe anasemaje.

Alhamisi, 6 Agosti
Redio imetangaza. Maaskofu wamepiga kura jana, upande wetu umeshinda kwa mbali sana. Nilisimama jikoni nikapiga kigelegele, kweli nilipiga, peke yangu. Halafu nikakumbuka, nikazima redio.

Ijumaa, 7 Agosti
Mabomu Nairobi na Dar es Salaam. Watu wengi wamekufa. Leo ya kwetu siyaandiki.

Jumapili, 16 Agosti
Amerudi. Amekonda na amenunua koti. Watu walimpokea tangu barabarani kwa majani ya migomba. Kanisani alieleza mkutano wote, ndege, baridi, chakula kisicho na chumvi, kura. Watu walipiga makofi. Upande wa wazee hawakupiga sana.

Tulipobaki wawili nikamuuliza, "Ushuhuda wa wazee ulisemwa?"

"Mgeni wetu aliusema, kwenye kikao kidogo. Alionyesha picha."

"Na wewe?"

"Nilikuwa nimekaa karibu naye."

Baadaye akasema, "Mama Jovitha, kila nilipofungua mdomo niliona nitaharibu jambo lote. Jambo lenyewe ni la kweli."

"Jambo ni la kweli," nikamwambia. "Hata mimi naliamini. Sasa ulihitaji uongo wa nini?"

Aliweka uso kwenye viganja. Nilitaka kumwonea huruma, na nilimwonea, lakini sikusogea karibu naye.

Jumanne, 18 Agosti
Tumekwenda kwa Anastazi. Kanoni aliniomba nimsindikize. Alibeba sukari na lile koti jipya, ambalo kumbe alilinunua kwa ajili yake.

Anastazi amekwisha, amebaki mifupa na macho. Alipotuona mlangoni alijiinua kwa viwiko. Yeye ni mkubwa kwa mume wangu kwa miaka mitatu. Miaka yote hii salamu yao ilikuwa ni kutukanana.

"Shikamoo, Baba Kanoni," akasema.

Mume wangu alisimama pale na mfuko wa sukari. Mkubwa wake anamwamkia. Hakuweza kuitikia marahaba, na hakuweza kutoitikia. Mwishowe akasema, "Munywani, usinifanyie hivi."

"Karibu ukae, Baba. Safari ilikuwa ndefu. Stephania, mtafutie Baba Kanoni pa kukaa."

Mume wangu akapiga magoti kando ya kitanda, akaanza kueleza, kwa Kinyambo, kwa Kinyarwanda, akichanganya. Alisema yote. Neno alilokuwa akiliogopa alilisema, waziwazi, na paa halikuanguka. Akaomba msamaha. Anastazi alisikiliza hadi mwisho akitikisa kichwa kwa upole, kama tunavyomsikiliza mhubiri mgeni.

"Nimekusamehe, Baba. Mungu anatuagiza." Kisha akasema, "Koti ni zuri. Litamfaa Projest."

Kurudi, mume wangu alitembea katikati ya njia, na mkono wake wa kushoto, ule ambao Anastazi hushika, ulikuwa unaning'inia. Nimeanza tena kumwandika mume wangu, nimegundua sasa hivi.

22 Agosti
Mawingu ya kwanza. Hayakuleta kitu.

Jumapili, 30 Agosti
Amesimama mimbarini akasema kunywana si dhambi, na kwamba kosa lilikuwa lake la kutafsiri. Alisema vizuri, bila kujificha. Lakini watu ni watu. Nje nilisikia, "Juni dhambi, Agosti si dhambi, na Krismasi itakuwaje?" Wengine wanasema ukoo wa Anastazi umemtishia kumnyang'anya kibanja. Mzee mmoja tu alikuja akamshika mkono, halafu akauachia haraka.

Na mtu aliyepaswa kusikia alikuwa kitandani.

Alhamisi, 3 Septemba
Anastazi amefariki leo saa tatu asubuhi. Mvua imeanza mchana.

Jumapili, 6 Septemba
Tulizika jana. Nimeshindwa kuandika jana.

Huku kwetu nyumba ya msiba hutandikwa majani sakafuni, na wafiwa wote hukaa chini, wake kwa waume, mpaka maiti itoke. Viti hupangwa nje, chini ya turubai, kwa wageni. Mume wangu alivua viatu mlangoni akaingia. Alitaka kwenda kukaa kule mbele, kando ya jeneza, na watoto wa Anastazi, mahali pa ndugu.

Projest akainuka. Amevaa lile koti. Kijana mwenye heshima sana, nimemfundisha mimi mwenyewe kusoma, na hakuna uchungu wowote uliokuwa usoni mwake. Akamshika mume wangu kiwiko kwa mikono miwili.

"Baba Kanoni, karibu nje. Tumekuwekea kiti."

"Projest, mwanangu. Mimi ni wa hapa chini."

"Ndiyo, Baba. Lakini majani yana maji ya mvua, utachafua kanzu. Tafadhali."

Nikamtazama Stephania. Aliinamisha kichwa. Kwa hiyo walikuwa wameshalizungumza, au marehemu alikuwa ameliagiza, sijui na sitauliza. Mume wangu akatoka. Kiti kilikuwa mbele, katikati ya mwenyekiti wa kijiji na mchungaji wa Kilutheri, kile chenye kitambaa cha kufuma. Akakaa. Mimi nilibaki kwenye majani na akina mama, hakuna aliyeniondoa.

Wafiwa hawakunywa hata maji. Wageni waligawiwa soda. Kupitia mlangoni nilimwona msichana anamfungulia mume wangu chupa, anaishika kwa mikono miwili, anapiga goti. Mume wangu aliipokea. Aliitazama, na hapo hapo akaanza kulia, kwa sauti, mbele ya watu wote, kanzu inatikisika. Sijawahi kumsikia akilia hivyo, hata mama yake alipokufa.

Jeneza lilipotoka akainuka, chupa bado mkononi, akataka kulifuata mpaka kaburini. Watu walikuwa wamesongamana, hawakumwona. Projest, aliyekuwa amebeba upande wa kichwa, akageuka akasema kwa utaratibu kabisa:

"Jamani, mpisheni mgeni."

Wakampisha.